Do au make, say au tell: neno moja la Kiswahili, jozi nyingi za Kiingereza

Kwa Kiswahili tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura na tunapiga mswaki, na katika yote hayo hakuna anayepigwa. Mgeni akiuliza kwa nini picha "inapigwa", jibu ni moja tu: ndivyo inavyosemwa. Kiingereza nacho kina mazoea yake. Neno "photo" huandamana na "take", "vote" huandamana na "cast", na "call" na "make". Ukiyapanga vinginevyo hujavunja sarufi, lakini msikilizaji anakwama, au anaelewa jambo ambalo hukulikusudia.

Makosa mengi ya mzungumzaji wa Kiswahili huzaliwa na maneno machache ya Kiswahili yenye kazi nyingi: kufanya, kupiga, kupata, kufunga, -kubwa, -kali. Kila moja kati ya hayo Kiingereza kimeligawa vipande. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanzia upande wa Kiswahili. Ukijua neno lako linagawanyika wapi, utajua pia pa kusita kabla ya kufungua mdomo.

Jambo moja lishikwe mapema: katika jozi ya kitenzi na nomino, mwenye amri ni nomino. Usitafute "make" hutumikaje, maana orodha yake haina mwisho. Tafuta "decision" inataka kitenzi gani. Kwenye kamusi pia fungua ukurasa wa nomino, kwa sababu kamusi nzuri za wanafunzi huweka jozi hapo.

Kufanya: do, make, au hakuna kati ya hivyo viwili

Kanuni ya darasani husema "do" ni ya shughuli na "make" ni ya kutengeneza kitu. Inafaa kwa "do the cleaning" na "make a chair", kisha inakuacha njiani pale penye shida yenyewe. Uamuzi ni kitu au ni shughuli? Vipimo viwili vifuatavyo vinasaidia zaidi.

Kipimo cha kwanza: nomino ikiwa imetokana na kitenzi cha kuamua, kuahidi, kupanga au kusema jambo, weka "make". Kutoka "decide" unapata "make a decision", kutoka "suggest" unapata "make a suggestion", na vivyo hivyo "make a promise", "make a choice", "make a complaint", "make an offer", "make arrangements". Njia ya kujihakiki ni kuuliza kama sentensi ingesimama kwa kitenzi kimoja. "We made a decision" ni sawa na "We decided", basi "make" iko mahali pake.

Kipimo cha pili: nomino isiyohesabika inayotaja kazi au madhara hutaka "do". Ndiyo "do research", "do homework", "do housework", "do business", "do exercise", "do damage", "do harm". Anayeandika "I am making a research" amekosea mara mbili, kitenzi na ile "a", kwa kuwa "research" haihesabiki. Sahihi ni "I am doing research on soil". Ukitaka kuhesabu, sema "a study", na hapo kitenzi hubadilika tena: "We carried out a study".

Yapo yanayokataa vipimo vyote viwili, na hayo hukaririwa tu: "make a mistake", "make an effort", "make progress", "make money", "make the bed", upande wa pili "do someone a favour" na "do your best". Kama utakariri moja tu, kariri "make a mistake". Anayesema "I did a mistake" anakosea katika sentensi ileile ya kukiri kosa.

Halafu kuna kundi lisilotaka "do" wala "make", na ndilo linalosahaulika. "Tulifanya mkutano" ni "We held a meeting", au kwa lugha ya kawaida "We had a meeting". Sherehe ni "have a party". Kosa la jinai ni "commit a crime". Mtihani una pande mbili: mwanafunzi "takes an exam", na Uingereza husemwa pia "sits an exam", mwalimu anayeutunga "sets an exam". Mwanafunzi akisema "I made an exam", msikilizaji atadhani ndiye aliyeutunga. Mahojiano nayo yana pande mbili: anayeuliza maswali "conducts an interview", anayetafuta kazi "has an interview".

Ukikwama kabisa, iache jozi na utumie kitenzi kimoja: "met", "decided", "complained". Mara nyingi sentensi inakuwa bora zaidi.

Kupiga: sahau "beat" na "hit"

Sehemu ya matumizi ya kupiga haihitaji jozi yoyote, kwa kuwa Kiingereza kina kitenzi tayari. Kupiga pasi ni "iron", kupiga deki ni "mop", kupiga chafya ni "sneeze", kupiga miayo ni "yawn", kupiga magoti ni "kneel", kupiga marufuku ni "ban". Kupiga mswaki ni "brush", ila meno lazima yatajwe: "I brush my teeth twice a day".

Palipo na jozi, kila nomino ina kitenzi chake: "take a photo of the bridge", "cast a vote", "ring the bell", "blow a whistle", "play the guitar", "set up camp". Angalia "the" kwenye gitaa. Ala za muziki kwa kawaida huichukua, michezo haiichukui: "play the drums", lakini "play football".

Kupiga simu kuna mtego wake. "Make a call" ni sahihi ukiongelea tendo lenyewe, kama "I need to make a quick call". Ukishataja unayempigia, "I called her" ndiyo ya kawaida, bila "to". "I called to her" maana yake nilimwita kwa sauti, labda kutoka ng'ambo ya barabara.

Kupiga hatua pia hugawanyika. Hatua ya mguu ni "take a step", na hatua ya maendeleo ni "make progress". "Progress" haina wingi wala "a".

Kusema: hapa Kiswahili kinakubeba

Wengi huona "say" na "tell" kuwa vigumu, na hali Kiswahili kimeshafanya kazi nusu. Tuna kusema na tuna kuambia. Ukitafsiri kichwani ukapata -ambia, tumia "tell", ambayo kama -ambia haikai bila mtu: "Alimwambia Asha kwamba amechelewa" ni "He told Asha that he was late". Ukipata -sema, tumia "say": "Alisema kwamba amechelewa" ni "He said that he was late". Mtu akitajwa baada ya "say", weka "to": "He said it to Asha". "He said me" na "He told to me" yote mawili hayafai.

Ulinganifu huo unavunjika pachache. Kusema ukweli ni "tell the truth" na kusema uongo ni "tell a lie", hata asipotajwa mtu. "Tell a story", "tell a joke", "tell the time" na "tell the difference" ziko kundi hilo. Kuomba radhi ni "say sorry", kusali ni "say a prayer".

Kuongea na kuzungumza huangukia "speak" na "talk". Lugha huenda na "speak" tu: "She speaks three languages". "Talk" ni ya mazungumzo ya pande mbili. Katika "talk to him" na "speak to him" tofauti ni ndogo, ingawa "I need to speak to you" husikika rasmi zaidi.

Kupata: "get" si jibu la kila kitu

Kwenye mazungumzo "get" inabeba mengi: "get a job", "get a loan", "get better". Lakini "I got an accident" si Kiingereza. Ni "I had an accident". Mtoto ni "have a baby". Mafua ni "catch a cold". Faida na hasara, ajabu kidogo, hurudi kwenye "make": "The company made a profit in its first year, then made a loss". Mshahara na heshima ni "earn". Uzito na uzoefu ni "gain". Makubaliano ni "reach an agreement".

Viangalie viambata vidogo pia, yaani "a", "an" na "the". Kupata uzoefu ni "gain experience", bila "an", kwa sababu "an experience" ni tukio lililompata mtu. Kupata elimu ni "get an education", na hapo "an" inatakiwa. Hakuna mantiki inayoeleza mawili hayo kwa pamoja, na ndiyo maana jozi huandikwa daftarini nzima, ikiwa na "a", "the" au bila kitu.

-kubwa na -kali

"Big" hufaa kwa vitu na kwa mambo kadhaa ya kawaida: "a big house", "a big mistake", "a big difference", "a big problem". Wingi na kiasi hutaka "large": "a large number of people", "a large amount of water". Mambo ya dhana yasiyohesabika hutaka "great": "of great importance", "with great difficulty". Mvua kubwa ni "heavy rain", na msongamano wa magari ni "heavy traffic". Mwendo mkubwa ni "high speed". Sauti kubwa ni "a loud voice". Ugonjwa mkubwa ni "a serious illness". Bei kubwa ni "a high price". "An expensive price" haikubaliki katika maandishi, kwani kilicho "expensive" ni bidhaa.

Neno -kali ndilo lenye mitego mingi kuliko yote hapa, kwa hiyo tumeliwekea jedwali.

| Kiswahili | Kiingereza | Epuka |
|---|---|---|
| kisu kikali | a sharp knife | a strong knife |
| kona kali | a sharp bend | a hard corner |
| mwalimu mkali | a strict teacher | a sharp teacher |
| mbwa mkali | a fierce dog | a strict dog |
| kahawa kali | strong coffee | heavy coffee |
| upepo mkali | a strong wind | a hot wind |
| mwanga mkali | bright light | sharp light |
| homa kali | a high fever | a hot fever |
| maumivu makali | severe pain | heavy pain |
| maneno makali | harsh words | hot words |
| ushindani mkali | fierce competition | sharp competition |
| pilipili kali | a hot pepper | a bitter pepper |

Safu ya tatu si upuuzi mtupu. Baadhi ya maneno yaliyomo ni Kiingereza halali chenye maana nyingine, na hapo ndipo hatari ilipo. "A sharp teacher" ni mwalimu mwerevu. "A strong knife" ni kisu kisichovunjika upesi, hata kama ni butu. Baridi kali ni "severe cold" au "bitter cold", lakini ukiongeza "a" ukasema "I had a severe cold", umesema ulikuwa na mafua makali.

Kufunga na kupanda

Kufunga mlango ni "close the door", na kwa ufunguo ni "lock". Mkanda wa gari ni "fasten your seat belt", kamba za viatu ni "tie your shoelaces", zawadi ni "wrap a present", bao ni "score a goal", kidonda ni "dress a wound", ndoa ni "get married". "Close" inafaa kwa mlango, dirisha, mkutano na akaunti. Kwingine ijaribu kwa tahadhari.

"Kupanda mti" kwa Kiswahili chenyewe kuna maana mbili, na Kiingereza kinakulazimisha kuchagua: "plant a tree" au "climb a tree". Kwa vyombo vya usafiri kipimo ni rahisi. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, yaani basi, treni, ndege au meli, ni "get on", na kushuka ni "get off". Gari dogo na teksi ni "get in" na "get out of". Baiskeli na farasi, ambavyo unakaa juu yake, hurudi kwenye "get on", na kuviendesha ni "ride".

Kuazima na kushinda

Kuazima hutumika pande zote mbili: naazima kwako, nawe waniazima. Kutoka hapo huzaliwa "Borrow me your pen". Kiingereza hutenganisha anayechukua na anayetoa, kama Kiswahili kinavyotenganisha kukopa na kukopesha. Kukopa ni "borrow from", kukopesha ni "lend to". Kwa hiyo sema "Can I borrow your pen?" au "Can you lend me your pen?".

Kushinda hutegemea unachoshinda. Mechi, zawadi, kesi na uchaguzi ni "win". Mtu au timu ni "beat": "We beat them 2–1", si "We won them". Mtihani ni "pass". Kushinda nyumbani kutwa ni "spend the day at home", na hapo ushindi haumo kabisa.

Kihusishi kinachopotea, na kinachoingia bila kualikwa

Vitenzi kadhaa vya Kiswahili humpokea mtendwa moja kwa moja pale ambapo Kiingereza kinataka kihusishi. Tunasubiri basi, wao "wait for the bus". Tunasikiliza redio, wao "listen to the radio". Tunategemea mvua, wao "depend on the rain". Hapa kosa ni kuacha neno.

Kinyume chake, tunajadili kuhusu jambo, tunawasiliana na mtu, tunaoana na mtu, tunaingia katika chumba, na matokeo yake ni "discuss about", "contact with", "marry with" na "enter into the room". Vitenzi hivi vinne havitaki kitu katikati: "discuss the plan", "contact the manager", "marry him", "enter the room". "Enter into" ipo, ila ni ya mikataba: "enter into an agreement". Aliyeoa au kuolewa tayari ni "married to". Kuna pia "cope up with", inayosikika sana: "up" imehamia hapo kutoka "keep up with", na sahihi ni "cope with".

Kufika husumbua peke yake. Nchi na miji ni "arrive in", kituo na jengo ni "arrive at", na nyumbani ni "arrive home" bila kitu. "Arrive to" iachwe.

Sana si "very" siku zote

Kwa hisia tumia "deeply": "deeply sorry", "deeply grateful". Kwa uwezekano na sifa njema, "highly": "highly likely", "highly skilled". Kwa maoni na ushauri, "strongly": "I strongly recommend". Kwa majeraha na uharibifu, "badly damaged", "seriously injured". Kwa kitu kilichofika mwisho wake, "completely": "completely empty". "Very excellent" na "very perfect" zinagongana, kwa sababu vivumishi hivyo tayari viko kileleni.

Uingereza au Marekani

Mara chache pande zote ni sahihi, na kinachodaiwa ni msimamo. "Make a decision" hutumika kote, "take a decision" ni ya Uingereza zaidi, hasa katika lugha rasmi. Kuoga ni "have a shower" Uingereza na "take a shower" Marekani. Mwisho wa wiki ni "at the weekend" na "on the weekend". Aliyelazwa yuko "in hospital" kwa Waingereza na "in the hospital" kwa Wamarekani. Chagua upande mmoja ndani ya andiko moja.

Kuhakiki jozi usiyoiamini

Google Ngram Viewer, iliyofunguliwa mwaka 2010, hulinganisha misemo kwa jinsi ilivyotumika katika vitabu. Andika misemo miwili ikitenganishwa na mkato, kwa mfano: make a decision,take a decision. Kisha badilisha mkusanyiko kati ya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani uone mistari ikihama. Hupokea msemo wa hadi maneno matano. Ukiweka nyota mahali pa neno, kama heavy *_NOUN, utapata nomino 10 zinazoandamana na "heavy" mara nyingi zaidi. Msemo uliomo katika vitabu visivyofika 40 hauonyeshwi kabisa, kwa hiyo kutoonekana ni dalili nzuri ya kutilia shaka.

Ila mstari ukionekana, usikimbilie kuamini. "Make research" itakuletea mstari, na bado si jozi sahihi. Sehemu ya mstari huo hutokana na sentensi kama "make research possible", ambamo "make" inafanya kazi nyingine. Ongeza neno moja au mawili kila upande, kwa mfano: we made research,we did research. Hapo kipimo kinakuwa cha haki. Matokeo ya kawaida ya kutafuta kwenye intaneti hayafai kwa kazi hii, kwani idadi inayotajwa ni makadirio na ndani yake mna makosa ya wanafunzi wengine.

Unapoandika jozi daftarini, andika sehemu nne: kitenzi, kiambata, nomino na kihusishi kinachofuata. Si "damage" peke yake, bali "do damage to". Vivyo hivyo "have an effect on", "pay attention to", "take care of", "make a decision about". Chini ya kila moja weka sentensi moja katika wakati uliopita, maana huko ndiko "did" na "made" hubadilishana nafasi bila mtu kuziona.